Mwanangu amechaguliwa vyuo viwili, na namba ya kuthibitisha iko kwenye simu yangu

SWALI

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Ngamiani hapa Tanga, biashara yangu ni khanga na vitenge. Baba watoto alitangulia mbele ya haki wakati mkubwa yuko kidato cha pili. Huyo mkubwa ndiye aliyenifanya nikuandikie.

Amemaliza kidato cha sita mwaka huu, mchepuo wa HGE. Matokeo yalipotoka mtaa mzima ulikuja kunipa mkono: Divisheni ya Kwanza ya pointi 6, Historia A, Jiografia B, Uchumi C. Kwenye ukoo wetu hakuna aliyewahi kufika hapo. Mjomba wake, kaka yangu, anayefanya kazi ya uwakala wa forodha bandarini, alimpeleka steshenari wakajaza maombi ya vyuo viwili. Sasa majibu yametoka. Chuo kimoja kimemchukua Sheria. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimemchukua Akiolojia.

Sheria ni wazo la mjomba, na mimi naliunga mkono. Akiolojia kajaza mwenyewe. Nilimuuliza hiyo kazi yake nini, akaniambia ni kuchimba na kusoma mabaki ya watu wa kale. Shangazi, nimesomesha kwa kuuza khanga, nikikopa kikoba hiki nalipa kile, ili mtoto wa marehemu aje kushika jembe? Wanasheria nawaona wanapita na magari. Huyo wa akiolojia sijamwona hata mmoja.

Chanzo cha yote ni sarafu. Baba yake alikuwa na kopo la maziwa lililojaa hela za zamani, nyingine alizipata kwa babu yake aliyefanya kazi reli. Kopo likawa la huyu kijana. Wenzake wakicheza mpira yeye yuko chumbani na lenzi. Ana daftari kaandika kila sarafu: uzito, mwaka, nani kampa. Kajifundisha kusoma namba za Kiarabu ili ajue miaka ya hela za Sultani. Zimo za Mjerumani, za tobo za Mwingereza, moja kubwa ya fedha yenye picha ya mwanamke na mwaka 1780, na mbili ndogo zimeliwa liwa, zina Kiarabu, alizoziokota shemeji wa marehemu ufukweni Kilwa Kisiwani. Mwaka jana nilimsaidia kuzisugua kumi hivi kwa ndimu na majivu zikang'aa kama mpya. Badala ya kushukuru alilia machozi. Mvulana wa miaka kumi na tisa!

Mimi naamini mambo ya kukusanya vitu ni ya watu walioshiba. Mtoto wa mjane anapaswa kuwa na shughuli ya kumwingizia kitu. Mjomba kapata mtu kutoka Dar anayetaka kopo lote kwa laki tatu. Anasema pesa hiyo itanunua laptopu na godoro la hosteli, na kijana akishaachana na sarafu akili itarudi kwenye Sheria.

Sasa linaloninyima usingizi. Kwa kuwa kachaguliwa sehemu mbili, inabidi athibitishe moja. Namba ya simu waliyojaza ni yangu, kwa sababu yake ilikuwa imeibiwa. Ujumbe wa kuthibitisha umeingia kwangu juzi usiku. Sijamwambia. Kila asubuhi ananiuliza, "Mama, meseji haijaja?" Namjibu mtandao unasumbua. Mjomba ana neno la siri la akaunti, anasema nimpe tu hiyo namba athibitishe Sheria, kijana atakuja kutushukuru akiwa mtu mzima. Zimebaki siku tano.

Nifanye nini, Shangazi? Na hizo sarafu niziuze?

Mama wa Ngamiani, Tanga


JIBU

Marahaba mdogo wangu, na pole kwa kulea peke yako. Hongera pia. Pointi 6 za mtoto huyo zimetoka kwenye mgongo wako, na nitakayokuandikia hapa hayapunguzi hilo.

Mpe mwanao ujumbe wake leo, kabla hujalala. Mwambie umeingia juzi na ulikaa nao kwa sababu uliogopa. Usimwambie mtandao umetengemaa. Siku tano si nyingi: asipothibitisha ndani ya muda uliowekwa na Tume ya Vyuo Vikuu, anaweza kupoteza nafasi zote mbili na kuanza kuomba upya dirisha linalofuata, kwenye kozi zilizobaki. Na akijua baadaye kwamba mjomba aliingia kwenye akaunti yake usiku akamchagulia maisha, hatakaa mahali akashukuru. Atakuwa darasani anasoma sheria ya mikataba huku anajua mkataba wake mwenyewe ulisainiwa na mtu mwingine. Nimepokea barua za watu wazima waliosomeshwa hivyo. Wengi walimaliza. Wachache sana wanaongea na wazazi wao kwa moyo mweupe.

Kuna jambo lingine ambalo mjomba hakulitazama. Ukimwombea mkopo, deni litakuwa la kijana. Bodi ya Mikopo humpa mhitimu miezi 24 baada ya kumaliza, kisha anaanza kurejesha, na akiwa ameajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi hadi liishe. Mshahara utakaokatwa si wako wala wa mjomba. Anayelipa achague anacholipia.

Nimesema achague. Sikusema ukae kimya. Una haki ya kumuuliza maswali magumu, na tena ni wajibu wako, kwa sababu kuna swali moja ambalo naona hakuna mtu nyumbani kwenu aliyemuuliza: anapenda akiolojia, au anapenda sarafu?

Hivyo ni vitu viwili. Mtu anaweza kupenda sarafu maisha yake yote na asimudu akiolojia hata muhula mmoja. Kozi ile ina udongo mwingi kuliko hela. Ni kuchimba kwa mwiko mdogo sentimita chache chache juani, kuchekecha mchanga, kuosha vigae vya vyungu na kuvihesabu, kupima, kuchora, kupanga mifupa ya samaki na mbuzi walioliwa miaka elfu iliyopita, kisha kuandika ripoti ndefu kuhusu hayo yote. Sarafu ikitokea ni siku ya bahati. Kama kijana wako anataka kukaa na lenzi na vitu vizuri mkononi, kozi hiyo itamchosha. Kama anachotaka ni kujua nani aliishika hiyo hela, alinunua nini, na kwa nini ilidondoka pale, basi yuko mahali pake.

Jibu la swali hilo mnaweza kulipata ndani ya siku mbili, bila nauli kubwa. Mwambie aende pale makumbusho ya Urithi, kwenye Boma la Kale la Wajerumani hapo mjini, aombe kuzungumza na wahusika kuhusu kazi yao ya kila siku. Siku ya pili nendeni wote wawili Tongoni, kusini mwa mji, kwenye msikiti uliobomoka na makaburi ya nguzo. Nimewaona watu wa Tanga waliozaliwa na kuzeeka hapo bila kufika Tongoni hata mara moja, na huwa nasikitika. Mkifika, msikilize. Akikuonyesha kaburi zuri mkapiga picha mkarudi, ni mpenzi wa vitu vya kale, na hilo ni jema, lakini si lazima liwe shahada. Akianza kuuliza maji walichota wapi na jahazi zilifunga upande gani, utakuwa umeshajibiwa.

Kuhusu kazi sitakudanganya. Ajira za akiolojia ni chache. Zipo Makumbusho ya Taifa, Idara ya Mambo ya Kale, vyuoni, na kwenye mamlaka zilizokabidhiwa maeneo ya kale, kama TAWA, mamlaka ya wanyamapori, inayosimamia magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, au Ngorongoro yenye Bonde la Olduvai. Kuna mlango mwingine watu hawaufikirii. Miradi mikubwa hutakiwa kufanya tathmini ya athari kwa mazingira na jamii kabla ya kuchimba ardhi, na urithi wa kale ni sehemu ya tathmini hiyo. Bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443, linaishia hapo hapo kwenu Chongoleani. Tathmini yake ilibeba mambo ya akiolojia, na watu waliosoma jambo hilo ndio walioitwa. Kazi za namna hiyo huja kwa mkataba, zikaisha, zikaja tena. Mtu asiye na uvumilivu wa mapato yanayopanda na kushuka atapata taabu. Mwambie hivyo waziwazi.

Lakini na Sheria nayo isemwe kwa ukweli uleule. Wale unaowaona na magari ni wale waliofika. Shahada yenyewe ni miaka minne kwenye vyuo vyetu vikubwa, ambapo Akiolojia ni mitatu. Akimaliza bado si wakili: anatakiwa apite Shule ya Sheria (Law School), inayofundisha uanasheria kwa vitendo, na gharama zake mzijue mapema. Mwaka 2022 matokeo ya shule hiyo yalishtua nchi nzima, kwani kati ya wanafunzi 633 waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26 tu, hadi waziri akaunda kamati ya kuchunguza. Sisemi hivyo ili kumtisha. Kijana mwenye A ya Historia, anayeandika daftari la namna ile, anaweza kuwa mwanasheria mzuri sana, na akiichagua mwenyewe nitafurahi naye. Ninalokataa ni ile hesabu ya mjomba kwamba Sheria ni uhakika na Akiolojia ni bahati nasibu. Zote mbili zinamtaka mtu aliyeamua, na aliyesukumwa ndiye anayeanguka mwanzo.

Tena, akithibitisha kozi moja na baadaye ikamshinda, mlango haufungwi milele. Tume huruhusu kuhama kozi au chuo mwanzoni mwa mwaka wa kwanza, mradi nafasi ipo na vigezo vya kozi anayoiendea anavyo. Muda wake ni mfupi, kwa hiyo asikae na moyo mzito mpaka Desemba ndipo aseme.

Sasa nije kwenye kukusanya vitu. Umesema ni mambo ya walioshiba. Ninaelewa hofu iliyo nyuma ya maneno hayo, kwa sababu mjane anapiga hesabu ya kila saa ya mtoto. Lakini hebu tazama kopo hilo limemgharimu nini na limempa nini. Halikununuliwa. Halikumtoa nyumbani usiku. Vijana wa rika lake hapo mtaani wanakesha kwenye kubeti, na wewe ungekuwa unaniandikia barua nyingine kabisa. Yeye kajifundisha namba za Kiarabu bila kutumwa, na kazoea kuandika kila kitu kimetoka kwa nani. Hilo la mwisho ndilo linalomtofautisha mtafiti na mtu mwenye vitu vingi. Wanafunzi wengi wanafika mwaka wa pili chuoni hawajui kuandika chanzo cha wanachokisema. Wako kalijua akiwa na daftari la mistari chumbani.

Na alilia kwa sababu ya ndimu na majivu. Usione ni utoto. Shaba ikikaa miaka mingi hujijengea ganda la rangi, kahawia au kijani, na ganda hilo ndilo linaloilinda na ndilo ambalo mjuzi hulitazama kwanza. Asidi ya ndimu hulivua, majivu hukwangua na maandishi. Sarafu iliyong'arishwa hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake, ya elimu na ya fedha pia, na hairudi. Ulifanya kwa mapenzi na yeye anajua. Zilizobaki zisisuguliwe, ziwekwe pakavu, kila moja kwenye karatasi yake, kwa sababu hewa ya bahari ya Tanga nayo hula shaba.

Kuuza? Usiuze, si kwa mtu huyo na si kwa namna hiyo. Nina sababu, na zina uzito tofauti.

Ya kwanza ni zile mbili ndogo za Kilwa. Kama ni sarafu za masultani wa Kilwa kweli, mikononi mwenu mna kitu ambacho sheria inakilinda. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, pamoja na marekebisho yake ya 1979, inavihusu vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Kuvichimba, kuviuza au kuvitoa nje ya nchi bila kibali ni kosa. Mnunuzi akikamatwa navyo uwanja wa ndege, ataulizwa kavipata wapi, na jina litakalotajwa ni lako.

Zaidi ya sheria, sarafu hizo ni habari yetu. Masultani wa Kilwa walipiga hela zao za shaba, na maandishi ya upande mmoja yanakwenda kwa vina na ya upande wa pili: huku sifa ya Mungu, huku jina la mtawala, kama Ali bin al-Hasan. Moja ilipatikana hadi kwenye magofu ya Zimbabwe Kuu. Mwaka 1944 askari mmoja aliokota tano kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na mpaka leo wataalamu wanabishana zilifikaje. Nyingi ya sarafu za Kilwa hazina tarehe. Mtaalamu anaijua enzi yake kwa kutazama zilipatikana wapi na pamoja na nini. Ndiyo maana kile alichoandika mwanao daftarini, kwamba ziliokotwa ufukweni Kilwa Kisiwani na fulani, kina thamani kubwa kama shaba yenyewe. Zikiingia kwenye mfuko wa mtu wa Dar maelezo hayo yanakufa. Azipeleke Makumbusho ya Taifa akifika Dar es Salaam, au kwa ofisa wa Mambo ya Kale, aeleze zilivyopatikana na aombe maandishi ya kupokelewa. Akiwa anaelekea kusoma Akiolojia, hakuna njia nzuri zaidi ya kujitambulisha kwa watu wa fani yake. Akiwa anaelekea kusoma Sheria, vilevile.

Ya pili ni bei. Anayetaka kopo zima bila kuchagua ameshaona au amesikia ndani yake kimoja anachokitaka, na laki tatu ni bei ya kukuzuia usiulize ni kipi. Mjomba pengine anadhani ni ile kubwa ya mwanamke, kwa kuwa imeandikwa 1780. Hiyo ni riali ya Maria Theresa, malkia wa Austria, iliyotumika sana Unguja na mwambao mzima enzi za biashara. Malkia alifariki mwaka huo wa 1780, na hela hiyo ikaendelea kupigwa kwa tarehe ileile vizazi na vizazi. Yenu inaweza kuwa ya karne ya ishirini. Ina fedha ndani yake, kwa hiyo si bure, lakini mwaka ulioandikwa usiwadanganye. Pesa za Sultani Barghash, zenye picha ya mizani na mwaka 1299 wa Hijria, yaani kama 1882, ni nyingi bado mikononi mwa watu. Za tobo za Afrika Mashariki nazo ni nyingi. Heli, yaani senti za Mjerumani, zile za kawaida, hali kadhalika.

Ila mwambie kijana azitazame vizuri heli za mwaka 1916, kama zimo. Wakati wa vita kuu ya kwanza meli za Waingereza ziliziba bahari, hela mpya haikuweza kufika kutoka Ujerumani, basi Wajerumani wakazipiga humu humu nchini, kwenye karakana ya reli karibu na Tabora. Zina herufi T. Walipiga za heli 5 na 20, na za dhahabu za rupia 15 zenye tembo, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Kwa kuwa babu wa marehemu alifanya kazi reli, nisingeshangaa kopo hilo likawa na moja ya hizo za heli, na nisingeshangaa mnunuzi akawa amelijua hilo. Si kwamba mtatajirika. Ni kwamba mtu hauzi mzigo ambao hajaufungua, na wewe mfanyabiashara wa khanga unalijua hilo kuliko mimi.

Ya tatu ni mwenyewe wa kopo. Kama marehemu alimpa kijana akiwa hai, ni la kijana na hakuna wa kuliuza ila yeye. Kama lilibaki tu, basi ni mirathi, lina sehemu yako na sehemu ya watoto wote watatu, na kadhi au mzee anayejua atawapangia. Kwa vyovyote vile kaka yako hayumo. Anakusaidia, Mungu amlipe, lakini mirathi ya shemeji yake si mzigo wa kugomboa bandarini.

Mwambie hivyo kwa heshima, na umwambie wewe, usimtume kijana. Mwite akiwa ametulia, mshukuru kwa steshenari na kwa nauli zote alizotoa, kisha mwambie neno la siri la akaunti linabadilishwa leo na namba unampa kijana mwenyewe. Akikasirika atakasirika. Kama naye anataka kuitetea Sheria, aje aitetee mbele ya kijana, mchana, kwa hoja. Pengine atamshawishi, na hapo itakuwa halali.

Kwa upande wa laptopu na godoro, nakuelewa, hivyo havisubiri falsafa. Laptopu mwaka wa kwanza si lazima siku ya kwanza; maktaba zina kompyuta, na wengi hununua ya mtumba baada ya bumu, ile pesa ya kujikimu ya mkopo, kuanza kuingia. Godoro atalipata kwa aliyemaliza mwaka wa tatu kwa bei ndogo kuliko dukani. Kinachotakiwa kupewa nguvu sasa ni maombi ya mkopo. Pitieni mwongozo wa Bodi wa mwaka huu, kwa sababu hupanga kozi kwenye makundi ya vipaumbele, na muone Sheria iko wapi na Akiolojia iko wapi kabla kijana hajabonyeza kitufe cha kuthibitisha. Hilo ni swali halali la kumuuliza nalo liingie kwenye uamuzi wake: mkopo ukija nusu, hiyo nusu nyingine itatoka wapi, na yeye atachangia nini likizo?

Kuwa ni yatima wa baba kunazingatiwa, lakini kunahitaji karatasi. Cheti chake cha kuzaliwa na cheti cha kifo cha baba yake vyote vinatakiwa vihakikiwe na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na picha ya cheti peke yake haitoshi. Kama bado hamjafanya hivyo, anzeni nalo kesho asubuhi, kwa kuwa uhakiki una foleni yake na dirisha la Bodi lina siku zake za kufungwa.